Nyundo Ndani ya Beringi

Harrier au X-Trail ya mtumba ikianza kuvuma kadiri mwendo unavyopanda, wengi hukimbilia kubadili matairi. Ni kupoteza pesa bure. Kata kona kushoto: mvumo ukizidi, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya gurudumu la kulia, kwa kuwa gari likipinda kushoto uzito huangukia kulia.

Ndani ya beringi, gololi za chuma kigumu hubingirika kati ya pete mbili. Kila gololi huigusa pete katika kieneo kidogo mno, kiasi kwamba shinikizo la hapo laweza kupita gigapaskali 1, takriban mara 10,000 ya shinikizo la hewa. Kinachozuia chuma kisikwaruze chuma ni utando wa grisi ambao mara nyingi haufiki hata elfu moja ya milimita.

Mwaka 1947 Waswidi wawili, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walichapisha hesabu inayotumika hadi leo. Mzigo ukiongezeka mara mbili, uhai wa beringi ya gololi hubaki sehemu moja ya nane. Ukiongezeka kwa asilimia 26 tu, uhai hukatika nusu. Rimu zilizochomoza nje ya bodi haziongezi uzito wa maana, ila husogeza tairi mbali na beringi, nayo ikakamuliwa kwa nguvu ya wenzo. Urembo huo una bei.

Maji nayo yamo. Beringi iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye mafuriko, hewa iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili. Kutu huanzia hapo.

Lakini beringi mpya ikifa miezi michache baada ya kufungwa, mimi humtazama fundi kabla ya barabara. Pete ya nje ndiyo inayobanwa kwenye tundu lake. Akigonga pete ya ndani ili aiingize, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuchimba vishimo visivyoonekana kwa urahisi. Mwaka 1900 Mswidi mwingine, Johan August Brinell, alitangaza njia ya kupima ugumu wa chuma kwa kukikandamiza kwa gololi, kisha kupima alama iliyobaki. Fundi wa nyundo hulirudia jaribio hilo ndani ya gari la mteja, tena kwa malipo.

Kosa jingine ni kulishusha gari chini na kulisukuma kabla nati ya ekseli haijakazwa kwa kipimo cha kiwanda. Katika magari mengi nati hiyo ndiyo inayozibana pamoja nusu mbili za pete ya ndani. Ikilegea, uzito hukaa kombo.

Badala ya nyundo, presi inahitajika, ndiyo. Kifaa cha kusukumia pete ya nje hakilazimu kununuliwa: pete ya nje ya beringi iliyokufa, ikisagwa kidogo ukingoni isije ikanasa, hufanya kazi hiyo vizuri.