Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mfanyakazi ni mali.

Kisumu ni mji wa jasho. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mabega ya wachukuzi ndiyo yaliyoendesha bandari yake. Naye Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga mwaka 1969, ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi mwezi Oktoba 1962, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipotia sahihi mkataba wa kumaliza migogoro kwa mazungumzo. Mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Viwanda.

Mazungumzo huzaa kumbukumbu za vikao: nani alihudhuria, nini kilidaiwa, nini kilikubaliwa. Ni maandishi makavu, hayana vina wala mizani. Lakini, ewe msomaji, kibarua aliyeahidiwa nyongeza hana shahidi mwingine asiyekufa. Meneja huhamishwa, kiongozi wa chama huangushwa, na ahadi ya mdomo huchukuliwa na upepo wa ziwa.

Leo mahakama ya kazi hukaa Kisumu penyewe, na jaji huuliza: maandishi yako wapi? Karatasi hizo zikiachiwa mchwa, kinacholiwa ni haki ya mtu.