Kuhara damu: namna mikrobe inavyoiba nyuzi za mwili ili itembee

Mikrobe inayoitwa Shigella, ile inayoleta ugonjwa wa kuhara damu, haina mkia wala kitu kingine cha kuogelea. Lakini ikishaingia ndani ya seli za utumbo, inakimbia. Inapita kutoka seli moja hadi ya jirani bila kutoka nje, ambako askari wa mwili wangeikamata kwa urahisi. Watafiti walijiuliza kwa miaka mingi: nguvu hiyo inatoka wapi? Jibu ni kwamba inatoka kwetu sisi wenyewe.

Mashariki mwa Congo tunaujua ugonjwa huu. Mwaka 1979, mlipuko mkubwa ulianza katika eneo hili, wakati nchi ikiitwa Zaire, na miaka iliyofuata ukaenea katika nchi jirani za Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma. Kipindupindu kilitangulia kuua, kuhara damu kukafuata. Karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Shigella iliyokuwa Goma wakati huo ilikuwa imekwisha kuzoea dawa nyingi za kawaida.

Shanga zinazojenga uzi

Ili kuelewa wizi huu, tuanze na kinachoibwa. Ndani ya seli zetu mna protini inayoitwa aktini, ambayo Brunó Straub aliigundua katika misuli mwaka 1942 nchini Hungaria. Aktini moja ni kama ushanga mdogo sana. Shanga hizo zikishikana zinafanya uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Nyuzi hizo zinaipa seli umbo lake. Seli nyeupe za damu zinapotambaa kuwinda mikrobe, ni nyuzi za aktini zinazosukuma mbele.

Uzi una ncha mbili, lakini hazilingani: moja inakua haraka, nyingine polepole. Kama kila uzi ungekua unavyotaka, shanga zingekwisha na seli ingejaa nyuzi zisizo na kazi. Kwa hiyo kuna protini nyingine zinazosimamia.

Profilini inabeba shanga na kuzipeleka kwenye ncha inayokua haraka. Protini ya kufunika inakaa juu ya ncha hiyo na kuisimamisha. Formini nayo inakaa kwenye ncha, lakini yenyewe inaiacha iendelee kukua na kuikinga isifunikwe. Kofilini inakata nyuzi zilizozeeka ili shanga zake zitumike tena.

Halafu kuna kundi la protini 7 zinazofanya kazi pamoja, linaloitwa Arp2/3. Laura Machesky, Thomas Pollard na wenzao walilieleza mwaka 1994, mwaka uleule wa maafa ya Goma. Kazi yake ni kuanzisha tawi jipya ubavuni mwa uzi wa zamani, kwa pembe ya digrii 70 hivi. Lakini Arp2/3 haianzi yenyewe. Inasubiri amri kutoka kwa protini nyingine, kama ile inayoitwa N-WASP. Na N-WASP kwa kawaida imejikunja, imefungwa, mpaka seli itoe ishara.

Mwizi wa ufunguo

Hapo ndipo Shigella inapopata njia. Kwenye ncha moja ya mwili wake ina protini inayoitwa IcsA. Hiyo inaishika N-WASP na kuifungua bila kungoja amri ya seli. N-WASP inaamsha Arp2/3, na matawi ya aktini yanaota nyuma ya mikrobe. Kila ushanga mpya unapoongezwa, mikrobe inasogezwa mbele kidogo. Ni kama mzigo juu ya chukudu: mzigo hausogei wenyewe, anayetoka jasho ni mwenye kusukuma. Ikifika kwenye ukuta wa seli, inausukuma mpaka utokeze ndani ya seli jirani, na huko inaanza upya.

Mwaka 1999, kikundi cha Marie-France Carlier nchini Ufaransa kilionyesha kwamba mwendo huo unaweza kutengenezwa nje ya seli kabisa. Waliweka pamoja aktini, Arp2/3, kofilini, protini ya kufunika, N-WASP na ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli. Bakteria wakatembea.

Kinachoshangaza ni kwamba protini ya kufunika, ambayo kazi yake ni kuzuia, ilikuwa ya lazima. Sababu yake ni rahisi. Shanga ni chache. Ncha nyingi zikifunikwa, shanga zinabaki kwa zile chache zilizo karibu na mikrobe, nazo zinakua kwa kasi. Kofilini nayo inavunja nyuzi za nyuma na kurudisha shanga sokoni. Bila wazuiaji na wavunjaji, mwendo unakosa nguvu.

Kwa nini tusizuie aktini?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini munganga asitoe dawa ya kuzuia nyuzi hizo? Shida ni kwamba moyo unapiga kwa aktini, na seli nyeupe zinatembea kwa aktini. Kuna watoto, hasa wa kiume, wanaozaliwa bila protini WASP iliyo sawa, ndugu yake N-WASP katika seli za damu. Wanavuja damu kwa urahisi na kuambukizwa mara kwa mara. Ukivunja chombo kwa sababu ya mwizi, unamuumiza pia mwenye nyumba.

Ndiyo maana silaha bado ni zilezile: kuizuia mikrobe isiingie mdomoni, na ikiingia, kuiua mapema. Shigella kati ya 10 na 100 tu zinaweza kutosha kumwambukiza mtu, kwa hiyo mikono iliyotoka chooni bila sabuni ni hatari hata ikionekana safi. Mtoto akihara damu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na apewe maji ya chumvi na sukari ya ORS njiani. Antibiotiki zichaguliwe na munganga. Kununua vidonge viwili vitatu barabarani kunaifundisha mikrobe kuzoea dawa, kama ile iliyoua Goma mwaka 1994.