Anza na tangi, jiko litafuata

Mashariki ya Tabora mjini, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ndipo ilipo Kigwa. Hapa hakuna anayehitaji kupasha moto vyumba. Lakini alfajiri za Juni na Julai baridi huuma, na sufuria kubwa huinjikwa juu ya mafiga ili watoto waoge kabla ya kwenda shule. Kesho yake kazi ni ileile, na kuni ni zilezile.

Anayetaka kuondokana na adha hiyo huja akiuliza habari za jiko. Mimi huanza na tangi. Jiko huwaka saa moja au mbili, ilhali tangi ndilo linalokesha na joto.

Tupige hesabu. Watu sita, kila mmoja ndoo ya lita 20 yenye joto la nyuzi 40, ni lita 120. Tangi likiwa na maji ya nyuzi 60, ukayachanganya na ya baridi ya nyuzi 20, nusu kwa nusu, lita 60 zinatosha. Ongeza vyombo na nguo za mtoto: tangi la lita 100 halitakuangusha. Kulipasha lote kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji joto la karibu uniti 4.7, kama zile za umeme. Kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti 4, lakini mafiga hupoteza sehemu kubwa mno. Yakinasa asilimia 15, utachoma kilo 8. Jiko la matofali lililofungwa vizuri, lenye bomba la maji ndani yake, likinasa nusu ya joto, utachoma chini ya kilo 2 na nusu. Katika nchi ya tumbaku, ambako mabani ya kulikaushia jani nayo yanadai kuni za miombo, tofauti hiyo kwa siku chache ni safari nzima ya mama porini.

Wakulima wa tumbaku wameshaijua nusu ya somo: moto unakaa mahali pake, joto linapelekwa kwa bomba. Kwetu yanayolibeba ni maji. Jiko likae chini, tangi juu yake. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda kwa bomba hadi sehemu ya juu ya tangi. Ya baridi, mazito, hushuka kutoka kitako cha tangi kurudi jikoni. Hakuna pampu. Ila bomba lipande mfululizo bila kona inayoshuka, maana hewa ikinaswa hapo, mzunguko unakwama. Liwe la chuma, la inchi moja. La plastiki ya kawaida litalainika. Maji ya kuoga yachotwe juu ya tangi, na ya baridi, yatokayo kwenye tangi lake lililo juu zaidi, yaingilie chini, yasivuruge yaliyo moto.

Sasa jambo ambalo sina simile nalo: usizibe. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka kwa zaidi ya lita 3, na mvuke ukikosa njia, pipa lililozibwa huwa bomu. Kwa hiyo juu ya tangi pawe na bomba la kupumulia, lililo wazi, linalopanda kupita usawa wa tangi la maji baridi. Lisiwekewe koki kamwe. Wala kati ya jiko na tangi pasiwe na koki, na moto usiwashwe kabla maji hayajajaa.

Tangi lisilovikwa hupoa kabla jogoo hajawika. Pumba za mpunga, kavu kabisa, unene wa sentimita 10 pande zote, zifunikwe kwa bati lisilopitisha mvua. Pumba zikilowa, hupitisha joto na huoza.

Siku ya kwanza washa moto mdogo, kisha gusa mabomba mawili kwa kiganja. La juu likipata moto na la chini likabaki la uvuguvugu, maji yanatembea. La juu likiwa baridi huku jiko linaguruma, zima moto, tafuta hewa iliyonaswa.