KOTI JEUPE NA BRASHI, NANI KASEMA HAVIKAI NYUMBA MOJA?

Wewe mtoto wa mjini unayepozi mbele ya michoro ya tingatinga pale Oyster Bay, hebu nijibu. Mwenye jina lile aliajiriwa wapi? Muhimbili, bwana! Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alikuwa mhudumu wa wodini. Kazini wagonjwa, nyumbani rangi. Na rangi yenyewe si ya bei mbaya, ni ile ya kupakia baiskeli, anaipaka juu ya kipande cha hadibodi. Alianza kuchora mwaka 1968, ajira ya hospitali ikamkuta na brashi mkononi, na hakuitupa. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora, jamani, na leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima.

Namtaja kwa sababu huku kwetu Ruaruke, wilayani Kibiti, kuna kasheshe. Mdogo wangu, binti wa mjomba, amepata nafasi chuo cha uuguzi. Shangwe, vigelegele, kuku kachinjwa. Lakini binti huyu anachora, na anachora kweli: kuta za nyumba tatu hapa kijijini zina samaki na mikoko yake. Mjomba katoa sharti. Ada ni pesa ya korosho zake, kwa hiyo brashi zibaki nyumbani.

"Mjomba, kwani zinamla nini?" nikauliza.

"Mwanangu, mgonjwa hatibiwi kwa picha ya samaki. Nesi mwenye mawazo mawili atachoma sindano pasipo."

Sikumcheka. Anayelipa ana haki ya kuogopa, na korosho haziokotwi mara mbili kwa msimu. Isipokuwa woga wake umekosa ushahidi.

Mcheki dada mmoja wa Kenya, Margaret Ogola. Huyu si mhudumu, ni daktari bingwa wa watoto, aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1994 akatoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza, The River and the Source, habari za wanawake wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi. Mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Jomo Kenyatta, halafu wanafunzi wa sekondari wakaisoma darasani miaka na miaka. Na wakati huohuo alikuwa akiwatibu yatima wenye virusi vya Ukimwi katika kituo cha Cottolengo, Nairobi. Nyumbani ana mume na watoto wanne! Akaendelea kuandika vitabu vingine hadi alipofariki mwaka 2011. Hapo mawazo mawili yako wapi?

(Msiniletee Dakta Remmy Ongala. Udaktari wake ulikuwa wa jukwaani, ingawa wimbo wake wa kondomu, ule wa soksi, ulinyimwa nafasi redioni na mtaa mzima ukaujua.)

Mimi naona hivi. Mtu anayeshinda na maumivu ya wenzake anahitaji pa kuyatua. Wengine wanayatua baa, tunawajua. Huyu anayatua kwenye ubao. Ipi nafuu?

Lakini na wewe binti usijidanganye. Zamu ya usiku haikuachii mkono wa kuchora, na mwaka wa kwanza wa chuo ni kukariri mifupa mpaka unaota mifupa. Chora hiyo mifupa basi! Mtihani utafaulu na mkono hautakufa ganzi. Brashi mbili haziongezi uzito wa begi.

Mjomba nimemweleza yote hayo jana jioni, Tingatinga na Ogola wote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza huyo wa Muhimbili alikuwa akiuza picha moja shilingi ngapi. Masika yakikatika binti anapanda boda kwenda Kibiti kudaka basi, na sharti bado halijafutwa.