Usiitupe gololi, yaweza kuwa kidani

Na MWANDISHI WETU

NI nani kati yetu ambaye hakucheza gololi utotoni? Tulichimba vishimo uani, tukapiga magoti mavumbini na kurudi nyumbani tumechafuka, tayari kwa bakora ya mama. Lakini ni wachache waliowahi kufikiri kwamba kile kijiwe cha kioo chaweza kuinuka kutoka mavumbini hadi shingoni mwa bibi harusi.

Haya niliyaona mwenyewe katika likizo ya Agosti mwaka wa 2024, nilipomtembelea kaka yangu huko Msambweni. Binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa na deni la karo. Akaja na wazo: aokote kome na makombe baharini, kisha awauzie watalii Diani.

Bibi yake alikataa katakata. "Mjukuu wangu," alimwambia, "bahari ndiyo inayotulisha. Ukiivua nguo leo, kesho itatupa nini?"

Mama huyo mzee alikuwa na hoja. Kome wakubwa wa baragumu ni miongoni mwa wanyama wachache wanaokula kiti cha pweza cha miiba, ambacho nacho hula matumbawe. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao na mvuvi hurudi na dema tupu. Isitoshe, eneo la bahari la Diani na Chale ni hifadhi tangu 1995. Ama vipuli na bangili za ng'amba, hizo ni za kukimbia kabisa, kwani kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Msichana aliinamisha kichwa. Ndipo nilipokumbuka gololi.

Kazi ya tangu zamani

Kukipasua kioo kwa makusudi si jambo la jana. Katika karne ya 16, mafundi wa Venice huko Italia walitumbukiza kioo cha moto katika maji baridi ili kipate nyufa za kupendeza. Mji huo huo ulitengeneza shanga nyingi zilizobebwa na misafara kutoka pwani yetu hadi bara katika karne ya 19. Huko Marekani, akina mama na watoto wao wamekuwa wakiifanya kazi hiyo jikoni kwa gololi za kawaida.

Sisi pia si wageni wa mapambo ya mkono. Kule Bombolulu, Mombasa, watu wenye ulemavu walianza kujipatia riziki katika karakana mwaka wa 1969, na vidani ni miongoni mwa kazi zilizowapa sifa.

Namna ya kuzipasua

Chagua gololi za kioo zinazopitisha mwanga. Zioshe na kuzikausha kabisa. Zitie katika sufuria nzito iliyo kavu, bila mafuta, kisha uifunike. Ziache juu ya moto wa wastani kwa dakika 20 hivi, huku ukiitikisa sufuria mara kwa mara ili zipate joto sawasawa. Mwenye oveni aiwashe hadi nyuzi 200 na kuziacha humo kwa muda huo huo.

Pembeni weka karai la maji yenye barafu tele. Mimina gololi humo kwa mara moja. Utasikia mlio kama wa chumvi iliyorushwa motoni.

Siri ni nini? Kitu kikipata joto hutanuka, na kikipoa husinyaa. Maji ya barafu huipoza ghafla ngozi ya nje ya gololi ikataka kusinyaa, ilhali moyo wake ungali moto. Katika kuvutana huko, kioo hupata nyufa, na kila ufa hurudisha mwanga. Joto likizidi, gololi huvunjika vipande.

Hapo hakuna mchezo. Mara ya kwanza hatukuzikausha vyema, na mdogo wake binti huyo akafunua sufuria achungulie. Gololi moja ilipasuka kwa kishindo na kigae chake kikagonga ukuta, shibri moja tu kutoka jichoni mwake. Nilitetemeka mikono. Tangu hapo, sharti letu likawa miwani ya kukinga macho, viatu na mikono mirefu, na watoto wadogo nje ya jiko. Sufuria hiyo nayo haikurudi tena kupikia chakula.

Kuifanya kidani

Acha gololi zipoe humo majini, kisha uzikague moja moja. Inayomenyeka itupe. Usijaribu kutoboa iliyobaki, kwani itasambaratika. Sugua sehemu ndogo kwa msasa, kisha ubandike kijikofia cha chuma chenye pete kwa ile gundi ya kuchanganya mirija miwili. Ngoja siku nzima ikauke. Asiyepata kijikofia aizungushie waya mwembamba wa shaba. Mwisho pitisha uzi wa nta au ugwe wa ngozi.

Kati ya gololi 20 tulizochoma, 13 zilifaa. Tulivipeleka vidani Diani. Mtalii mmoja alishika cha kijani akauliza kama ni tsavorite, kito cha thamani kinachochimbwa Taita Taveta. Nilimtazama binti yetu. Kusema "ndiyo" kungelipa karo yote.

"Hapana," alijibu, "ni gololi ya watoto. Nimeichoma mwenyewe."

Yule mtalii alikirudisha akaenda zake. Mwenzake, aliyesikia yote, alinunua viwili.

Jioni ile tuliuza vidani vitano tu. Fedha hizo hazikulipa karo. Zilitosha daftari na nauli ya kurudi shuleni, na kaka yangu akatafuta zilizosalia. Lakini binti alirudi darasani na kazi mkononi, na kome wakabaki baharini. Bibi yake naye alijiwekea kidani kimoja cha buluu, na tangu siku hiyo hakivui hata akienda sokoni.

Wazazi, likizo ijayo mkiziona gololi zimezagaa uvunguni, msizifagie. Haba na haba hujaza kibaba.