Priampu ya Valvu kwa Mfuko Mdogo, London

Priampu hukaa kati ya vyanzo vya sauti, yaani kicheza CD, kompyuta, redio au gramafoni, na amplifaya kuu inayosukuma spika. Huchagua chanzo, hupandisha na kushusha sauti, na hukuza kidogo umeme dhaifu wa muziki pale unapohitaji kukuzwa. Priampu ya valvu hufanya ukuzaji huo kwa chupa za kioo zisizo na hewa badala ya transista. Valvu yenyewe ni mzaliwa wa London: John Ambrose Fleming, profesa wa University College, aliiombea hataza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza elektrodi ya tatu, ndipo ikaweza kukuza. Viwanda vikafuata jijini humo. M-O Valve ya Hammersmith ilitoa valvu za KT66 na KT88, na Leak, iliyokuwa Acton, ikauza amplifaya zilizopendwa duniani kote. Ndiyo maana hadi leo soko la mitumba la Uingereza lina vifaa vingi vya aina hii.

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajue kama nyumbani kwake kuna haja ya kukuza chochote. Vicheza CD vingi hutoa hadi voliti 2, na amplifaya kuu nyingi hufikia nguvu zake zote kwa voliti 1 hadi 2. Chanzo cha namna hiyo kinajitosheleza. Kikipitishwa kwenye priampu inayokuza mara 10, kitasa cha sauti hubaki mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake, mahali ambapo vitasa vya bei nafuu havigawi sawa kulia na kushoto. Mvumo wa valvu nao hukuzwa pamoja na muziki na kusikika kwenye spika hata wimbo ukiisha. Katika fleti za London, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili na muziki wa usiku lazima uwe wa chini, kasoro hizo haziwezi kufichika. Ukuzaji wa mara 2 hadi 4 unatosha kabisa, na ni heri kumuuliza muuzaji tarakimu hiyo kuliko kumuuliza sauti ya kifaa ni “tamu” kiasi gani.

Tarakimu ya pili inayofaa kuulizwa ni ukinzani wa njia ya kutokea. Ukinzani wa njia ya kuingilia ya amplifaya kuu unapaswa kuuzidi walau mara 10. Amplifaya za zamani za valvu hazikuwa na shida hapo, kwa kuwa njia zao za kuingilia zilikuwa na ukinzani mkubwa. Amplifaya ndogo za kisasa, nyingine zenye omu 10,000 tu, huibana priampu dhaifu hadi besi ikapungua, na mwenye vifaa akadhani spika zake ni mbovu.

Gramafoni ina mahitaji yake. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa milivoliti 3 hadi 5 tu, na santuri zilizochapwa tangu katikati ya miaka ya 1950 hukatwa besi na kuongezwa sauti nyembamba kwa kanuni ya RIAA, ambayo priampu ya santuri lazima iipindue. Jambo hili linawahusu Waafrika Mashariki wengi wa London wenye santuri za taarabu, dansi na benga, baadhi zikiwa zimenunuliwa Sterns, duka lililoanza kuuza muziki wa Afrika likiwa bado duka la vifaa vya umeme Tottenham Court Road. Priampu nyingi za valvu za bei ya chini hazina sehemu hiyo, na zilizo nayo mara nyingi huvuma. Kwa bajeti ndogo, kiboksi cha santuri cha transista kilichochomekwa mbele ya priampu ya valvu hutoa ukimya mkubwa zaidi kwa pesa ileile.

Mtandaoni kuna priampu ndogo kutoka China zinazouzwa chini ya pauni 100. Valvu kama ECC83 imekusudiwa kufanya kazi kwa voliti 250 hivi, lakini katika baadhi ya vifaa hivyo hupewa voliti chache tu, huku chipu ikifanya kazi halisi na taa ya LED iliyofichwa chini ya kioo ikitoa rangi ya chungwa. Adapta ya voliti 12 peke yake haithibitishi hila, maana watengenezaji wengine huipandisha volteji ndani. Maelezo yasiyotaja kabisa volteji ya valvu ndiyo ya kutiliwa shaka.

Mitumba ya Kiingereza ina mtego wa aina nyingine. Quad 22 ya mwaka 1959 na priampu za Leak za enzi hiyo hazina transfoma zao: huchota umeme kutoka kwa amplifaya zilizouzwa pamoja nazo. Anayenunua Quad 22 peke yake hufika nyumbani akakosa pa kuichomeka. Isitoshe, njia zake za kuingilia zilipangiwa redio za wakati ule, na voliti 2 za CD huzilemea. Inayofaa zaidi ni priampu ya miongo ya karibuni yenye umeme wake na valvu za kawaida, kama ECC82 au ECC88, ambazo bado hutengenezwa Slovakia, Urusi na China. Valvu za zamani za chapa ya Mullard ni nzuri, ila bei yake huweza kuizidi ya kifaa chenyewe.

Ndani ya kasha mna voliti zinazoua, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Kifaa cha zamani kifunguliwe na fundi kabla ya kuwashwa. Katika matumizi ya kila siku, priampu huwashwa kwanza na amplifaya kuu mwisho, na kuzima ni kinyume chake, ili kishindo kisifike kwenye spika.

Sheria nayo ina thamani ya pesa. Ununuzi wa mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara wa Uingereza unaweza kubatilishwa ndani ya siku 14, na kifaa chenye kasoro, hata cha mtumba, hurudishwa ndani ya siku 30 kwa sheria ya mwaka 2015. Mtu binafsi anayeuza chake hafungwi na masharti hayo, hivyo priampu yake isikilizwe kabla ya kulipiwa. Bidhaa inayoagizwa kutoka nje ikizidi pauni 135 hutozwa VAT ya asilimia 20 mpakani, pamoja na ushuru wa forodha pale unapohusika.