Muulize Dalali Kabla ya Kulipa

Mahindi yameuzwa. Fedha zipo. Mkulima wa kijiji kilicho karibu na Songea anafikiri kununua nyumba ndogo mjini, ili watoto wapate mahali pa kukaa wakisoma. Anakwenda Lizaboni. Hapo anakutana na dalali. Dalali anamwonyesha nyumba iliyopakwa rangi mpya. Kisha anamwambia, "Baba, wanunuzi ni wengi. Toa chochote leo, wasije wakakuwahi."

Je, dalali huyu anapaswa kumwambia mkulima mambo gani? Na mkulima anapaswa kuuliza nini?

Tuanze na sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakataza udanganyifu. Mtu akisema uongo huku akijua ni uongo, amedanganya. Mtu akificha kwa makusudi jambo analolijua, naye amedanganya. Aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Tena, dalali akisema uongo katika kazi aliyotumwa, sheria huuhesabu uongo huo kama umesemwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba hawezi kusema, "Hayo ni ya dalali, mimi hayanihusu."

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kunyamaza tu si udanganyifu siku zote. Kama hukuuliza, na dalali akanyamaza, huenda ukashindwa kumshtaki. Tena kama ungaliweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, nawe hukuangalia, huenda mkataba ukakubana vilevile.

Kwa hiyo swali lina nguvu. Ukiuliza, "Nyumba hii imewekwa rehani?" naye akajibu, "Hapana," huku anajua imewekwa, hicho si kimya tena. Ni uongo. Uliza mbele ya shahidi wako. Majibu yaandikwe katika mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi.

Swali la kwanza ni hili: Mwenye nyumba ni nani? Omba kumwona yeye mwenyewe. Kama ana mke au mume, mwone pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wa ndoa. Mama aliyeko jikoni, ambaye hakuna aliyemwuliza, anaweza kuyapinga mauzo hayo. Kama nyumba ni ya marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa wa marehemu hakutoshi.

Kisha uliza karatasi. Je, kuna hati? Ni ya miaka mingapi? Hati za mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 ina muda wa kumalizika, nao ni mwaka 2028. Usitosheke na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ni shahidi mwema, lakini muhuri wake si hati. Chukua namba ya kiwanja na ya hati, uende ofisi ya ardhi uombe upekuzi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Yapo malipo ya kazi hiyo, lakini ni kidogo kuliko kupoteza nyumba.

Kama ardhi ni ya kijiji, sheria ni nyingine: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko halmashauri ya kijiji ndiyo hutoa idhini. Karatasi ya watu wawili waliokubaliana chini ya mwembe haitoshi.

Uliza na madeni. Je, kodi ya pango la ardhi imelipwa? Bili ya maji je? Taka kuona stakabadhi.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Sisi wa Ruvuma tunapata fedha baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Basi nyumba tunaziona zikiwa kavu! Paa linalovuja halivuji mwezi wa Agosti. Chumba kinachojaa maji mwezi wa Februari, mwezi wa Septemba kina vumbi tu. Rangi mpya chini ya ukuta inaweza kuficha alama ya maji. Muulize dalali, "Maji hufika wapi wakati wa masika?" Halafu waulize majirani. Jirani halipwi nyumba ikiuzwa.

Pima pia kwa macho na kwa hatua. Nyumba iko karibu na mto? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Iko kando ya barabara kuu, kama ile ya Njombe au Tunduru? Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Tazama kama ukuta una alama ya X, au kama kuna mahali palipopakwa rangi peke yake.

Dalali si adui. Wapo wanaosema kweli, na hao hupata wateja miaka yote. Lakini kumbuka kwamba hulipwa nyumba inapouzwa.

Na yule aliyesema, "Toa chochote leo"? Mjibu, "Kesho asubuhi twende wote ofisi ya ardhi." Umtazame usoni anapojibu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mkulima aulize maswali mbele ya shahidi?
2. Muuzaji anasema mkewe amesafiri. Mnunuzi afanye nini?
3. Katika kijiji chenu, nani hutoa idhini ya kuuza ardhi?